Mbuzi Moja

Bweni, Mafia
8 Juni 2025

Kwa Sarrah wangu,

Assalaam aleikum, na Idi mubarak, ingawa nyinyi kwa kalenda yenu najua mlitangulia kama kawaida. Sisi wazima. Wewe uko bweni, mimi niko Bweni, na mpaka leo Mudrik wa bodaboda akiniletea barua yako ananiuliza kama nimejiandikia mwenyewe.

Nina ombi, lakini nianze na ukweli, maana nikiuacha mwisho nitaufuta. Tangu uhamie huko Januari sijauza hata kipuli kimoja cha kifuu. Siyo kwamba watu hawavitaki. Kwenye tamasha la Februari hapo Kilindoni nilikaa na Shangazi Mwanasiti nyuma ya meza, na kila mtu aliposimama mimi niliinama kutafuta kitu chini. Mama mmoja aliuliza "hivi bei gani?" akarudia, akarudia tena, mwisho akadhani mimi bubu, akanihurumia, akaenda zake. Unajua tulivyokuwa: mimi nachonga, wewe unasema. Shuleni wanatufundisha kwa Kiingereza, nyumbani Kiswahili, kwa hiyo mwenzio nina lugha mbili za kunyamazia.

Sasa ombi. Unalikumbuka banda la mbata nyuma ya kwetu, la marehemu babu? Siku hizi hakuna anayekausha nazi pale, wanalala kuku tu. Nimemwomba baba nilifanye mahali pangu pa kazi, vifuu vyangu visilale chini ya kitanda na mama asikanyage vumbi la tupa kila asubuhi. Baba akasema hivi, nakuandikia kama alivyosema:

"Biashara ya mtu asiyesema ni mchezo wa watoto. Nenda maonesho ya mwezi wa nane. Ukiuza kwa mdomo wako, siyo wa Mwanasiti wala wa huyo shoga yako binti Abbasali, banda lako. Usipouza, nafumua mabati nayapeleka kambini kwetu kisiwa cha Shungimbili. Wavuvi wenzangu dagoni kule wanalala na mvua."

Na baba akisema kitu, unamjua.

Basi nimeandika barua ya kuomba nafasi kwa kamati ya maonesho. Safari hii Shangazi anataka akae pale pale mezani akikuna nazi, watu waone kifuu kinatoka wapi kabla hakijawa kipuli. Rasimu nimeiweka humu. Ipitie, wewe ndiye uliyekuwa unabeba zawadi ya Kiswahili kila mwaka. Majina yetu nimeyaweka yote mawili, kama zamani, chini ya la Shangazi.

Utakuja Agosti?

Wako,
Shamsa Hafidhi

—

Morogoro
21 Juni 2025

Shamsa shoga yangu,

Wa aleikum salaam. Barua yako imenifikia imefunguliwa. Matron wetu husoma zote, za kuja na za kwenda, kwa hiyo kabla sijaendelea: shikamoo Matron.

Mimi sijambo. Shule nzuri, chakula kizuri, wenzangu wazuri mno. Jioni wananizunguka kitandani niwasimulie habari za kisiwani, mpaka kengele inalia bado wanataka.

Rasimu yako nimeirekebisha kwa kalamu nyekundu, usinune. Mambo madogo madogo tu, ila moja limenishtua. Umeandika: "Tutakuja na meza moja, viti viwili na mbuzi moja." Shamsa! Mbuzi anaingia ngeli ya A-WA. Mbuzi mmoja. Najua utasema hii ni ya kukalia ukikuna nazi, lakini jina ni la mnyama, na Mwalimu wetu wa hapa amesema majina ya wanyama yote yanafuata ngeli hiyo bila kubagua. Barua inakwenda ofisini, lazima iwe sahihi. Hutaki waseme watoto wa Mafia hawajui Kiswahili.

Agosti sitapata ruhusa. Lakini nakupa siri yangu, nilikuwa sijampa mtu. Mteja akisimama, usimwangalie machoni. Mwangalie masikioni. Masikio hayatishi, na ndiko kipuli kinakokwenda.

Msalimie baba, mwambie aanze kutafuta mabati mengine.

Wako,
Sarrah

—

Bweni
20 Julai 2025

Sarrah,

Tumepata! Mudrik kaleta kibali jana, kimepigwa muhuri: "Mwanasiti Sudi na wenzake, Bweni. Banda M, nafasi ya tatu." Shangazi anasema M ni ya Mapambo. Mimi nasema M ni ya Mafia. Tumebishana hadi ubwabwa ukaungua.

Nafanya mazoezi. Juzi Shangazi alikaa upande wa pili wa uwanja, eti yeye ndiye mteja.

Nikasema, "Karibu mteja."

"Sijasikia."

"Karibu mteja!"

"Mteja kashafika Ras Mkumbi huyo, anapanda mnara wa taa. Mwite tena."

Nikacheka, na nikicheka sauti inakatika kabisa. Shangazi akanitazama kwa huruma ambayo sikuipenda.

Sasa ninachokuambia usimwambie mtu. Nimepata njia. Nimekata maboksi ya biskuti nikatengeneza kadi, upande huu Kiswahili, upande huu Kiingereza: bei, kimetengenezwa kwa nini, kinapakwaje mafuta ya nazi kisipauke. Kadi moja kwa kila kitu, vipuli, bangili, pete. Mtu atasoma, atanyoosha pesa, nami nitamshukuru kwa kichwa. Najua baba alisema mdomo. Lakini mwandiko si wangu? Atakayemwambia kwamba sikufungua mdomo ni nani?

Jana alipanda juu ya banda na kamba, akayapima mabati. Hakuniangalia.

Mbona barua zako fupi siku hizi? Au hao wanaokuzunguka jioni wanakumaliza maneno?

Wako,
Shamsa

—

Kilindoni
9 Agosti 2025, Jumamosi asubuhi

Sarrah,

Kaka yako Abid kapita kutusalimia hapa kwenye maonesho. Anasema leo adhuhuri anavuka kwenda bara kuchukua mzigo wa duka, na atakuja kukuona siku ya wazazi, basi nakuandikia hii haraka haraka aibebe.

Hatujambo. Tumepewa nafasi nzuri sana. Iko chini ya bati, upepo upo, watu wanapita wengi na watoto wao. Majirani watulivu, hawana maneno. Kadi zangu zote zilimalizika siku ya kwanza tu.

Barua ya maombi uliisahihisha vizuri. Hakuna aliyelalamika.

Shangazi anakusalimu.

Shamsa

—

Morogoro
17 Agosti 2025

Shamsa,

Hii haipiti kwa Matron, anaibeba Abid.

Majirani watulivu!

Abid kanisimulia hapo getini, anacheka mpaka mlinzi naye akacheka bila kujua sababu. Kasema mmewekwa zizini. Kasema mmepangwa kati ya mbuzi wa maziwa na ng'ombe wa mtu wa Kirongwe. Kasema alipofika alikukuta nyuma ya pipa la maji, macho mekundu, na watoto wanaimba "vipuli vya mbuzi, vipuli vya mbuzi." M ni ya Mifugo, Shamsa. Nikamuuliza kisa nini mkapelekwa huko. Akasema, "Si walijiandikisha wana mbuzi mmoja."

Mmoja. Kalamu yangu nyekundu.

Na wewe unaniandikia eti niliisahihisha vizuri. Ulidhani mimi yai, nitapasuka? Abid anajua, Kilindoni nzima inajua, mama yangu anajua, mimi peke yangu nadanganywa na shoga yangu kwa mwandiko mzuri.

Haya, na mimi nikuambie, kwa kuwa leo Matron hasomi. Hapa hakuna anayenizunguka jioni. Wiki ya kwanza nilisimamishwa darasani nisome, nikafika mahali nikasema "kiti yangu." Sijui ulimi uliteleza vipi, labda woga. Darasa zima likaangua kicheko. "Mhindi na ngeli zake!" Mimi, Shamsa! Nimezaliwa Kilindoni, baba kazaliwa Kilindoni, babu kazikwa Kilindoni. Tangu siku hiyo sisemi. Nikitaka kuomba chumvi mezani naipanga kwanza sentensi kichwani, ngeli hii, ngeli ile, nikimaliza kuipanga chumvi imeshapita. Nakula bila chumvi tangu Januari. Rasimu yako ilipofika nikajiambia, angalau hapa kuna mtu mmoja anayejua kwamba mimi najua.

Kumbe ndiyo nimekupeleka zizini. Na banda lako ndiyo limekwenda hivyo, kwa herufi moja.

Abid aliondoka Jumamosi kabla ya adhuhuri, hajui kilichofuata, na mimi siulizi. Toa jina langu kwenye meza. Andika lako na la Shangazi, yanatosha.

Sarrah

—

Bweni
24 Agosti 2025

Sarrah,

Jina lako sijalitoa wala silitoi. Barua hii natuma kwa njia ya kawaida, asome Matron, asome na mwalimu wa zamu, sina cha kuficha tena. Shikamoo Matron.

Nilikuficha kwa sababu mbili. Sababu nzuri ni kwamba nilijua utajilaumu. Sababu mbaya ni hii. Nilipoiona ile "mmoja" yako nyekundu, niliisoma mara mbili. Kwetu hakuna anayesema hivyo. Shangazi husema "nipe mbuzi ile," "mbuzi yangu imekuwa butu." Nilijua, Sarrah. Nikataka kukuandikia, nikaona haya kumsahihisha mwenye zawadi, nikanakili kama ulivyoandika. Kalamu yako, mkono wangu. Hata kwenye karatasi, pasipo mtu wa kunitazama, sikuweza kusema hapana.

Sasa kaa nikusimulie vizuri, maana Abid kakuletea nusu, tena ile mbaya.

Ijumaa tulifika na mkokoteni, tukaambiwa Banda M ni kule nyuma. Shangazi akanusa hewa akasema, "Mapambo yao yananuka hivi?" Jirani yetu alikuwa Mama Goodness, yule muuguzi aliyehamia kutoka bara, anafuga mbuzi wa maziwa. Mbuzi wake mkubwa anaitwa Sista. Mama Goodness akatukaribisha kwa moyo wote, akatuuliza, "Na mbuzi wa kwenu mmemfunga wapi, nimpe majani?" Hapo ndipo nilipoelewa. Shangazi hakuelewa. Akamjibu, "Yetu haili, mama." Mama Goodness akasema basi mwiteni daktari wa mifugo haraka.

Nikakimbilia kwa yule kijana wa kamati, nikasimama mbele yake, nikamwangalia masikioni kama ulivyonifundisha. Akasema, "Mabanda yamejaa, binti," na hata sikuwa nimeuliza. Nikarudi.

Nikapanga kadi zangu. Nikageuka kumsaidia Shangazi kuweka mkeka. Kugeuka tena, Sista kapitisha shingo kwenye fito, anatafuna. Alianza na Kiingereza. Nilipomvuta kadi mdomoni akadhani tunacheza, akavuta kwake, mwisho nikabaki na kipande kimeandikwa "haipauki." Mama Goodness aliniomba radhi mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Siku nzima watu walikuja kutazama mbuzi, wakatuona na sisi, wakauliza, nami nikainama. Shangazi alijibu baadhi, lakini kila alipojibu alinitazama, maana anajua masharti ya baba. Ikafika mahali akaacha kujibu. Akakuna nazi tu, kama mtu aliyekasirika na nazi. Jioni ndipo watoto walipoanza wimbo wao, na Jumamosi asubuhi wakarudi nao, na Abid akanikuta pale penye pipa. Hayo ni kweli yote. Nililia.

Abid alipoondoka, wakaja waamuzi wa mifugo.

Wa mbele alikuwa Bwana Isdory, afisa mifugo mgeni, mrefu, mwenye miwani, na nyuma yake watu kibao maana Sista alikuwa na sifa. Akampima Sista, akaandika, akasogea kwetu huku macho yako kwenye karatasi.

"Nafasi ya tatu. Mwanasiti Sudi, Bweni. Mbuzi mmoja. Yuko wapi?"

Shangazi akasema, "Yuko wapi nani?"

"Mbuzi."

"Nimeikalia."

Bwana Isdory bado anaandika. "Mama, mnyama hakaliwi. Msimamishe tumwone."

"Nikiisimamisha nitakunia wapi?"

Watu wakaanza kuguna. Bwana Isdory akageuza ukurasa. "Ni jike au dume?"

Shangazi akafunga mdomo. Akanitazama, Sarrah, akanitazama hasa, mikono imejaa machicha, wala hakukusudia kunisaidia. Na watu wote wakafuata macho yake, wakanitazama mimi. Nikatafuta cha kuinamia chini, hakuna, Shangazi alikuwa kaweka kapu lote juu ya meza. Sijui kama alifanya kusudi. Nikayatafuta masikio ya Bwana Isdory. Ana masikio makubwa, mekundu kwa jua, yana huruma.

Nikasema, "Shikamoo Bwana Afisa."

"Marahaba. Jike au dume?"

"Haina jike wala dume."

"Anatoa maziwa?"

"Hapana, Bwana Afisa. Inatoa tui."

Kalamu ikasimama. Halafu Bwana Isdory akainua macho kwa mara ya kwanza, akamwona Shangazi juu ya ile mbuzi, magoti juu, nazi mkononi. Miwani ikamshuka. Alicheka yule bwana, Sarrah, akashika fito ya Sista asianguke. Watu nao! Mama Goodness akawa anapiga kelele, "Na mimi nimetaka kuipa majani!" Mtu wa ng'ombe akaja mbio kuuliza kuna nini, wakamwambia, akacheka, akaenda kuwaambia wa kuku.

Bwana Isdory alipopata pumzi akasema, "Sasa nimwandikeje huyu?"

Nikasema, "Iandike hii." Nikaweka mkazo pale pale, kwenye i. "Iandike ina afya, ina meno, haijawahi kuugua."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Nadhani ni kwa sababu walikuwa wanacheka tayari. Mimi siku zote naogopa nikisema watacheka. Sasa walikuwa wameshacheka, hapakuwa na kitu kingine cha kuogopa.

Akaniuliza kinachotokana na mbuzi hiyo ni tui tu? Nikamwambia tui ni la mchuzi, machicha ni ya kuku, na kifuu kinakuwa hiki, nikamwonesha vipuli. Akamnunulia mkewe. Mama Goodness akachukua bangili. Mgeni mmoja wa hotelini akaniuliza kwa Kiingereza kama ni pembe, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba hapana, tulikula kilichokuwamo ndani yake jana usiku kwa samaki. Akachagua pete akiwa anacheka. Wale watoto waliendelea kuimba "vipuli vya mbuzi," lakini sasa wanawaleta mama zao. Jumapili watu walikuja wanauliza, "Wale wa mbuzi wako wapi?" na siyo Sista waliyemtaka. Sista alipata tuzo yake, lakini.

Upande wa vipuli ulibaki mkeka mtupu. Niliuza kwa mdomo wangu. Nimechoka taya kama mtu aliyekula muwa.

Tuliporudi, Mudrik alikuwa ametutangulia na habari. Baba yuko barazani.

"Nasikia umemjibu afisa wa serikali."

"Ndiyo, baba."

"Kwa adabu?"

"Nilimwamkia kwanza."

Nikangoja aseme habari ya banda, hakusema. Kesho yake akaondoka kwenda Shungimbili na mpaka leo hajarudi. Ile nyundo ya kung'olea misumari kaiacha juu ya pipa la maji. Kila nikipita naitazama. Sijui kaiacha kwa kuwa haihitaji tena, au kwa kuwa atarudi kuifanyia kazi. Mama anasema niulize. Namuulizaje mtu aliye kisiwa kingine?

Lakini siyo hilo nililotaka kumalizia. Nimelifikiria sana lile la chumvi. Iombe, Sarrah. Iombe vibaya. Wakicheka, na wacheke, halafu kula chumvi yako.

Wako, na jina lako lipo,
Shamsa

—

Morogoro
7 Septemba 2025

Shamsa,

Matron aliniita ofisini. Nikajua nimefukuzwa shule. Nikamkuta anafuta machozi kwa kanga, barua yako mkononi. Kitu cha kwanza alichoniuliza: "Huyu Shangazi ni wa kweli?"

Nikasema ni wa kweli, Matron.

Akasema, "Jioni utaisoma hii bwenini kwa sauti. Lile la chumvi uliruke ukitaka."

Nilisoma. Mwanzoni sauti ilikuwa chini mpaka Albina wa kitanda cha mlangoni akasema hasikii, nikasimama juu ya sanduku langu. Nilipofika "nimeikalia" ikabidi ningoje. Nilimfanya Shangazi kwa sauti ya Shangazi na Bwana Isdory kwa sauti ya bara, unajua zamani nilivyokuwa nawaigiza wateja. Wamenifanya nirudie ya tui. Lile la chumvi sikuliruka. Asubuhi yake kibakuli cha chumvi kilikuwa mbele yangu kabla sijakaa.

Siku iliyofuata nikanyoosha mkono kwenye kipindi cha Kiswahili. Nikauliza, "Mwalimu, ile ya kukunia nazi, ni mbuzi mmoja au mbuzi moja?" Mwalimu akasema swali zuri. Darasa likagawanyika. Wa Tanga na wa Kilwa upande mmoja, wa Dodoma upande mwingine. Goodluck akasema kwao hawakuni nazi kabisa kwa hiyo yeye haimhusu. Mwisho Mwalimu akaandika ubaoni kwamba kitu kikikopa jina la mnyama si lazima kikope na roho yake. Nimelinakili.

Nakutumia kifurushi. Ni kitambaa cha marekani, nimekiandika kwa rangi ya darasa la sanaa. Kitundike mezani maonesho yajayo, au kwenye banda kama lipo. Kama halipo, kitundike jikoni kwa Shangazi. Bado naona aibu kukuuliza kama lipo.

Jina langu liache.

Wako,
Sarrah

—

Bweni
21 Septemba 2025

Sarrah wangu,

Baba alirudi Alhamisi. Hata chai hakunywa. Alichukua nyundo, akapanda juu ya banda.

Mimi nilikuwa jikoni. Nikasikia msumari wa kwanza ukilia. Mama akaniambia nenda. Nikasema baba keshaamua. Akasema, "Kwani umeenda Kilindoni kujifunza kumjibu Isdory peke yake?"

Nikatoka. Nikasimama chini ya banda, na masikio yake yalikuwa juu mno siyaoni, basi nikasema hivyo hivyo.

"Baba, shikamoo. Ulisema nikiuza kwa mdomo wangu. Niliuza."

"Marahaba. Nimesikia, dago zima limesikia." Akaendelea kung'oa.

"Basi mbona unafumua?"

Sijawahi kumuuliza baba mbona. Nyundo ikasimama. Akaniangalia kutoka juu, akashusha bati la kwanza, nikalipokea. Akashusha la pili, nikalipokea. Akashuka na yeye.

"Dagoni haya mawili yanatosha," akasema. "Na wewe ulitaka kuchonga gizani?"

Nikaingia ndani. Pale nyuma alipotoa mabati, mwanga unaanguka sawasawa mahali nilipokuwa nimesema nitaweka meza. Atafunika kwa bati la plastiki linalopitisha jua, kabla ya mvua. Amesema mwenyewe.

Kifurushi chako kimefika jana. Tumekitundika juu ya mlango, mimi na Shangazi, na Shangazi kaiweka mbuzi yake hapo chini kizingitini, eti mtu akisoma juu aone na chini. Herufi zako zimesimama vizuri: MBUZI MOJA. Mapambo ya kifuu. Shamsa na Sarrah, Bweni.

Leo asubuhi baba kapita, kasimama, kasoma polepole.

"Hapa mmekosea," akasema. "Ni mbuzi mmoja."

"Ni moja, baba."

"Mmoja."

"Moja. Yenyewe hiyo hapo miguuni kwako."

Akaitazama. Akaivuta kwa ncha ya kiatu, akaikalia, akaanza kufungua kamba za viatu vyake, avue aingie ndani.

Wako,
Shamsa